Kufuli Mbili za Sanduku la Maoni

Kila asubuhi mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutoka nyumbani kwa mjomba. Nilikunywa chai nikiwa nimesimama, nikabandika beji ya kiranja mkuu kwenye mfuko wa shati, kisha nikamwachia binamu yangu Kidoti vyombo vyote vya usiku. Kidoti alikuwa darasa la nne. Mimi nilikuwa la saba, na nilikuwa na lango la shule la kusimamia.

"Dada, leo zamu ya vyombo ni yako," aliniambia.

"Nikibaki hapa, wachelewaji ataandika nani?"

Basi Kidoti aliosha vyombo vyangu, akachelewa, nami nikamwandika. Nikilikumbuka hilo, hata leo uso unaniwaka.

Shuleni kwetu mwalimu wa uraia alikuwa ametupangia uongozi kwa makusudi, tujifunze jinsi nchi inavyoendeshwa. Baraza la wawakilishi wa madarasa lilitunga kanuni. Viranja tulizisimamia. Aliyevunja kanuni alipelekwa kwenye kamati ya usuluhishi, nayo ndiyo iliyoamua afanye nini. Mimi niliuona mpango huo kama kuzungushana tu. Nikajitungia adhabu yangu: kila mchelewaji abebe ndoo ya maji kutoka bombani, apande nayo ngazi ya mbao nyuma ya maktaba mpaka vyoo vya ghorofani. Wiki haikuisha, wachelewaji wakapungua. Walimu wakanisifu bila kuuliza nimefanyaje, na kichwa kikanivimba.

Nje ya maktaba palikuwa na sanduku la maoni lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja nilikaa nao mimi. Wa pili alikaa nao katibu wa baraza, mvulana tuliyemwita Miwani, ambaye aliuvaa shingoni kwa uzi. Kila Ijumaa tulilifungua pamoja, naye akasoma barua mbele ya baraza. Ijumaa moja akasoma: "Kiranja mkuu anatubebesha maji. Adhabu hii imetungwa na nani?"

Vichwa vyote viligeuka. Baraza likasema malalamiko hayo yakirudi tena, nitaitwa kujieleza, na huenda nikavuliwa beji. Nikacheka kama mtu asiye na wasiwasi.

Jumatatu iliyofuata, katika kipindi cha michezo, Miwani alivua ufunguo wake na kuuning'iniza kwenye tawi pamoja na shati lake. Nikauchukua. Nikavuka barabara mbio mpaka kibanda cha mjomba.

Mjomba ni fundi wa kufuli. Ukutani kwake pana kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: HATUCHONGI UFUNGUO BILA KUFULI YAKE. Nimewahi kumwona akimrudisha mzee mzima nyumbani akalete kufuli.

"Wa nini huu?" aliniuliza.

"Wa kabati la madaftari, mjomba. Mwalimu kanituma. Anataka wa akiba."

"Na kufuli iko wapi?"

"Imefungwa kabatini. Mjomba, ina maana huniamini hata mimi?"

Aliitazama beji yangu. Aliipenda beji ile kuliko nilivyoipenda mimi, na kila mteja alikuwa ameshaambiwa habari zake. Akachonga. Kipindi kilipokwisha, ufunguo wa Miwani ulikuwa umerudi kwenye tawi.

Tangu hapo, kabla shule haijajaa, nilifungua sanduku peke yangu na kuchambua barua kama mpishi anayechambua mchele. Za kunisifu niliziacha, za maji nilizichana. Wiki ya pili nikakuta karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwa: "Ubao wa tatu wa ngazi ya maktaba umelegea. Tukibeba ndoo unacheza. Tafadhali." Niliisoma mara mbili. Nilitaka kumwambia seremala wa shule, lakini angeniuliza nimejuaje, na mimi sikuwahi kupanda ngazi ile. Nikaichana. Baada ya siku kadhaa ikaja nyingine ya maneno yale yale, nayo nikaichana.

Jumanne iliyofuata nilikuwa langoni niliposikia ndoo ikigonga chini, kisha mtoto akilia. Nilikimbia. Ubao wa tatu ulikuwa umefyatuka. Chini ya ngazi, katikati ya maji, alikuwa amekaa Kidoti, ameushika mkono wake wa kulia.

Hospitali walisema kifundo cha mkono kimevunjika, wakamfunga plasta. Mjomba alifika akiwa bado na vumbi la chuma kwenye nyusi.

"Kwa nini hamkusema kwamba ngazi ni mbovu?" aliuliza.

"Nilisema, baba," alijibu Kidoti. "Niliandika barua mara mbili, nikatia kwenye sanduku. Hazikusomwa." Kisha akanigeukia mimi, bila hasira yoyote. "Labda zilidondoka, eti dada?"

Laiti angenitukana. Nilishindwa kumtazama. Nilitoka kwenye korido, mjomba akanifuata, na hapo nikatapika yote: adhabu ya maji, uongo wa kabati, barua za penseli. Nilisubiri anifokee. Hakunifokea. Alikaa kwenye benchi, akaitazama mikono yake.

"Kwa hiyo ufunguo huo nimeuchonga mimi," alisema taratibu. "Kwa mikono hii."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Siku ya pili tulikwenda shuleni pamoja. Mbele ya baraza nilieleza kila kitu. Mwalimu wa uraia naye alikiri kwamba alifurahia utulivu wa lango akasahau kuuliza umetoka wapi. Kamati ikaniuliza maswali, ikanipa nafasi ya kujitetea, haki ambayo mimi sikuwahi kumpa mchelewaji hata mmoja. Kisha baraza likapiga kura. Nikaivua beji na kuiweka mezani pamoja na ufunguo wangu wa sanduku, na hakuna aliyepiga makofi. Adhabu ya maji ilifutwa, na seremala akaanza kuing'oa ngazi siku hiyo hiyo.

Mjomba alikuwa amekuja na kufuli mpya. Aliifunga kwenye sanduku wote tukiona, akamkabidhi Miwani ufunguo, kisha akachukua tupa na kuyasaga meno ya ule alionichongea mpaka ukawa kipande cha chuma tu.

"Mimi nina kanuni kwenye kibao changu," alisema, "na niliivunja kwa sababu aliyeniomba ni mtoto wa dada yangu. Kwa hiyo nami nina kosa. Wanangu, kufuli mbili hazikuwekwa kwa sababu viongozi wenu ni wezi. Zimewekwa kwa sababu hata kiongozi mzuri huogopa kusikia ubaya wake. Anayetunga kanuni asiwe ndiye anayehukumu, na anayelalamikiwa asikae peke yake na malalamiko. Nchini ni hivyo hivyo. Funguo zote zikikaa mfuko mmoja, anayeumia ni yule wa chini aliyebeba ndoo."

Nilidhani aibu yangu imeishia hapo. Jioni, wakati nikiosha vyombo, Kidoti alikuja na karatasi.

"Dada, niandikie barua ya sanduku. Mkono wangu si unauona?"

Nilikausha mikono, nikachukua kalamu.

"Andika: Kiranja mkuu wa zamani aliomba radhi kwa baraza. Darasa la nne hakuja. Sisi ndio tuliobeba maji."

Kalamu ilisimama. "Kidoti..."

"Si umeshachukua kalamu?"

Niliandika. Asubuhi nilikwenda nayo mfukoni, na nakiri kwamba nilipita mbele ya sanduku mara mbili. Hakuna aliyeniona, na kuichana ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Mara ya tatu nikaitumbukiza.

Ijumaa nilikaa nyuma, Miwani akaisoma kwa sauti mbele ya baraza. Waliokaa karibu naye waliutambua mwandiko wangu. Niliinuka kabla hajaikunja, nikaomba ruhusa, nikaenda kugonga mlango wa darasa la nne.