Notisi Iliyoandikwa kwa Mwandiko Mzuri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kalamu alitunga uzi kwenye sindano saba, akazichomeka kwenye kimto kilichokaa kando ya cherehani ya mama yake. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuchoka, na miwani hakutaka hata kuisikia. "Miwani ni ya mahakimu," alisema. "Mimi nina binti." Kisha Kalamu alifagia vipande vya vitambaa, akanywa chai, akatoka mbio.

Jina lake halisi lilikuwa jingine. Mtaa ulimwita Kalamu kwa sababu ya mwandiko wake. Herufi zake zilisimama wima kama askari wa gwaride, ila "g" zake zilikuwa na mkia uliojikunja kama wa mjusi. Watu wazima walimjia awaandikie barua, naye alijivuna kidogo, kama mtoto yeyote wa miaka kumi na miwili angejivuna.

Darasani alikaa deski moja na Cheko. Huyu naye aliitwa hivyo kwa kuwa akianza kucheka, hata mwalimu alilazimika kuweka chaki chini na kungoja. Cheko aliishi na bibi yake mfua nguo, katika nyumba ya vyumba vinne nyuma ya shule. Siku ya mwisho ya kila muhula, bibi aliwasimamisha wote wawili kwenye fremu ya mlango wa chumba chake, akachora mstari juu ya vichwa vyao kwa kipande cha mkaa: C na K. Muhula ule C ilikuwa juu ya K kwa upana wa kidole kimoja, na Cheko hakuacha kumkumbusha mwenzake.

Sasa, mama yake Kalamu alikuwa na jambo ambalo hakulisahau. Alipokuwa na miaka tisa, mwenye nyumba wao alitaka chumba chake. Hakuwaambia wahame. Alituma vijana wakapanda juu na kuezua bati huku chungu kikiwa jikoni. Jioni mvua ikanyesha, ikajaa mle chunguni. Watu husema aisifuye mvua imemnyea. Mama hakuisifu mvua hata siku moja. Kila ilipogonga paa, alikanyaga cherehani kwa nguvu na kusimulia upya. Wenye nyumba wa namna hiyo hukumbuka tarehe ya kodi kuliko siku waliyozaliwa, lakini ukiwaambia paa linavuja, wanakuwa viziwi. Mama aliwajua wote, na hakumsamehe hata mmoja.

Ndiyo maana alianzisha kampuni.

Walikuwa watatu. Mama, fundi cherehani. Shangazi yake Kalamu, msusi, ambaye kaka yake, baba wa Kalamu, alipofariki hakumwacha wifi yake peke yake. Na mjomba, fundi mwashi, aliyejenga nusu ya vyoo vya mtaa ule na kuvitaja kwa fahari kama watoto wake. Walijinyima miaka mingi. Kisha siku moja wakaketi kuchagua jina.

"Majumba ya Kifalme," alisema shangazi.

"Shemeji, vyumba vinne na choo kimoja, mfalme atapanga foleni?" alisema mjomba.

Mama hakucheka. "Itaitwa Bati Letu. Ili mtu asije kutuezua tena."

Walienda ofisi ya msajili mara tatu. Mara ya kwanza karatasi ilikosa saini, mara ya pili karani alikuwa amekwenda kula, mara ya tatu wakafanikiwa. Mhuri ulipofika, mama aliugonga kwenye kiganja chake mwenyewe na hakunawa mpaka kesho yake. Na nyumba ya kwanza waliyoinunua ilikuwa ile ile ya nyuma ya shule, pamoja na wapangaji wake.

"Kumbe sasa nyie ndio wenye nyumba wetu!" Cheko alisema, akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi mama yako nitampa shikamoo mbili mbili, moja ya utu uzima na moja ya chumba!"

Haikupita hata miezi miwili, shangazi akaja na habari. Wafanyakazi wa zahanati mpya walitaka nyumba nzima, kwa kodi ya juu, mradi iwe tupu na imepakwa rangi.

"Na waliomo?" mama aliuliza.

"Ukiwaambia wahame kwa sababu umepata wapangaji wanene zaidi, watakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kelele hazitaisha," alisema mjomba. "Lakini mtu akiambiwa ukuta utamwangukia, anabeba godoro mwenyewe. Mimi ni fundi. Nikisema umechoka, nani atanibishia?"

Mama alitazama cherehani yake kwa muda mrefu. Kalamu alimngoja aseme lile alilolisema kila mvua iliponyesha. Mama hakulisema. Alisema, "Kalamu, lete karatasi."

Mjomba akatamka notisi kwa wapangaji, Kalamu akaandika. Alipofika kwenye neno "hatari" aliinua kichwa.

"Mjomba, kuta zimeoza kweli?"

"Kuta zile?" Mjomba akaangua kicheko. "Zile zitatuzika sisi na wajukuu wetu! Andika, mwanangu. Hiyo ni biashara."

Akaandika. Mwandiko ulitoka mzuri kuliko wote aliowahi kuuandika. Shangazi akagonga mhuri. Siku iliyofuata mjomba alichukua kopo la rangi nyekundu, akachora alama kubwa ya X kwenye kuta za nyumba ile, kama wafanyavyo kwenye majengo ya kubomolewa.

Asubuhi yake Cheko alikaa deskini bila kucheka. Akaiweka ile notisi juu ya daftari la Kalamu, akagusa "g" moja kwa kidole.

"Ni mwandiko wako."

"Niliandika nilichoambiwa."

"Hilo sijakuuliza. Nakuuliza, ni kweli? Bibi anasema fundi aliyetujengea choo hawezi kusema uongo kuhusu ukuta. Mimi sijui mambo ya kuta. Ukiniambia wewe ni kweli, nitaamini."

Mwalimu alikuwa anafuta ubao. Kalamu alitazama vumbi la chaki likishuka.

"Ni kweli," alisema.

Fundi baiskeli akahama, dereva na mkewe wakahama, mjane wa chumba cha tatu akahama. Bibi alikuwa wa mwisho. Siku ya kuondoka alipita kwenye meza ya cherehani. Alikuwa amebeba mapazia ya mama, ameyafua na kuyapiga pasi, hakuna aliyemwomba.

"Nimekuja kushukuru," alisema. "Mwenye nyumba mwingine angetuacha tufukiwe usingizini. Wewe umetuonya mapema. Nimekuombea dua, mwanangu, wewe na kizazi chako."

Mama alisema asante kwa sauti isiyosikika. Jioni ile alishona mkono wa kulia wa gauni mahali pa kushoto, akaufumua, akaushona tena pale pale.

Deski la Kalamu likabaki na mtu mmoja. Wiki ya kwanza alimwekea Cheko nafasi, akijua anajidanganya. Wiki ya pili habari zilifika: bibi amepata chumba ng'ambo ya reli, mbali, na wateja wake wa kufuliwa hawawezi kumfuata huko.

Jumamosi mama alimtuma Kalamu apeleke chai kwa mjomba, aliyekuwa anapaka rangi. Alimkuta anajaribu kutoboa tundu la msumari wa pazia. Tindo liligonga, likadunda, ncha ikapinda.

"Unaona?" mjomba alicheka. "Nilisema! Ukuta huu ni chuma!"

Kalamu aliukaribia mlango. Alikuwa ameziona zile alama za mkaa kwenye fremu ya mlango. C, K, C, K, zikipanda tangu darasa la kwanza. Kopo la rangi lilikuwa wazi chini yake.

"Mjomba, usipake hapo."

"Pana nini hapo? Uchafu tu."

Kalamu aliweka chai chini, akakimbia. Alimkuta mama yake anashona sare za shule. Alisimama mlangoni akihema.

"Mama, yule kijana aliyeng'oa bati la kwanza, shati lake lilikuwa la rangi gani?"

"Kijani," alijibu mama papo hapo. "Kola imechanika. Kwa nini?"

"Wewe unakumbuka shati lake. Cheko atakumbuka mwandiko wangu." Na hapo machozi yakamtoka. "Aliniuliza, Mama. Alisema nikisema mimi ataamini. Nikamwambia ni kweli."

Mguu wa mama ukasimama juu ya kanyagio. Cherehani ikanyamaza.  Mama akainuka, akafunika cherehani mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba wa mumewe, akamshika binti yake mkono.

Walivuka reli. Chumba cha bibi kilikuwa nyuma ya karakana ya magari, na beseni lake la kufulia lilikuwa limekingwa chini ya paa linalovuja. Bibi alifurahi kuwaona. Alifuta stuli kwa khanga.

"Cheko yuko wapi?" Kalamu aliuliza.

"Nimempeleka kwa baba yake mkubwa, safari ya siku nzima. Shule za huku zimejaa, na mimi sina nguo za watu za kufua. Ningemlisha nini? Alilia mpaka basi likaondoka."

Mama hakukaa kwenye stuli. Alipiga magoti sakafuni na kusema yote: kodi ya juu, rangi nyekundu, ukuta uliopinda tindo. Hakumtupia lawama mjomba, wala hakusema ni mtoto aliyeandika. Alisema, "Ni mimi. Kampuni ni yangu na uongo ni wangu."

Bibi aliikunja khanga yake. Magari ya karakana yalinguruma, yakazima.

"Nilikuja kukushukuru," alisema mwishowe. "Nilifua mapazia yako kwa sabuni yangu ya mwisho. Nilikuombea dua. Nirudishie."

"Bibi..."

"Nirudishie dua yangu! Vyombo nitajua mwenyewe kuvibeba. Dua yangu utaitoa wapi?"

Mama alificha uso kwa viganja. Alilia kama mtoto wa miaka tisa, na Kalamu, ambaye hakuwahi kumwona akilia, alijua kwamba kuna machozi ambayo leso haiwezi kuyafuta.

Siku hiyo hiyo kampuni ilikutana. Shangazi alipinga: "Wifi, watu wa zahanati wameshapima mapazia!"

"Watapima kwingine," alisema mama. "Sisi tulioezuliwa ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kuezua. Tumeng'oa paa la wenzetu bila hata kupanda ngazi! Tumetumia kalamu ya mtoto. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kama Bati Letu haiwezi kuishi kwa ukweli, mhuri huu nautupa chooni leo, na kaka ataniambia ni kipi kati ya vile alivyojenga."

 Mjomba aliinama. Kesho yake, mtaa mzima ukitazama, alikwangua X moja baada ya nyingine kwa tindo lake lililopinda. Kila aliyepita, mjomba alimwambia, "Ukuta hauna ubaya. Nilidanganya." Aliyasema mara nyingi mpaka sauti ikamkauka. Kalamu aliandika mkataba mpya: hakuna mpangaji atakayetolewa bila sababu ya kweli na bila muda wa kutosha. Bibi alirudi, na fundi baiskeli pia. Dereva na mjane walikuwa wameshapata kwingine na hawakutaka hata kusalimiwa na kampuni.

Baba mkubwa naye alisema mtoto ameshaandikishwa shule, asihamishwe tena kama gunia. Kalamu alimwandikia Cheko kurasa nne. Baada ya wiki nyingi barua ya Cheko ilikuja, lakini kwa bibi. Kalamu ndiye aliyemsomea. Ilikuwa na salamu, habari za shule na mbuzi wa baba mkubwa, na mwishoni: "Mwambie Kalamu barua yake imefika. Bado sijaifungua."

Kalamu aliikunja karatasi polepole. Bibi hakumbembeleza.

"Sikia, mjukuu wangu," alisema. "Nyumba nimerudishiwa, nashukuru. Ukuta ukibomoka, fundi anaujenga kwa siku mbili. Mtu aliyekuamini ukimdanganya, hakuna fundi wake. Unamngoja. Mkubwa akikutuma uandike uongo, mwambie hapana kwa adabu. Akikasirika, hasira yake itapoa. Na mama yako amejifunza kwamba aliyewahi kuonewa naye anaweza kuonea, tena upesi, maana anajiona ana haki. Sasa utafanyaje?"

"Nitaandika tena."

"Asipofungua?"

"Nitaandika tena, bibi."

"Haya." Bibi akaokota kipande cha mkaa. Ilikuwa siku ya mwisho ya muhula. "Simama hapa. Nyoosha shingo."

Kalamu akasimama kwenye fremu ambayo haikupakwa rangi. Bibi akachora mstari, akaandika K. Ilikuwa juu ya ile C ya mwisho kwa upana wa kidole kimoja, na hapakuwa na mtu wa kubisha.