Kilele Ambacho Fundi Hakukifikia

Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu. Fundi wa redio, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, hakufungua kibanda chake siku hiyo. Alitia kwenye begi redio ndogo ya mawasiliano, betri, waya wa antena na chupa ya maji, akajiandaa kwenda mlimani. Dada yake mdogo alimsindikiza hadi getini.

"Kaka, ukifika juu, umtaje mume wangu hewani," akamwambia. "Leo ametimiza mwaka kaburini. Nitakuwa hapa na redio yake, nasikiliza."

"Nitamtaja, mdogo wangu. Ondoa shaka."

Jamani, laiti angejua anamwomba nani!

Fundi na shemeji yake huyo, yule tuliyezoea kumwita Mrefu, walikuwa na ugonjwa mmoja: kupanda milima na redio. Unafika kileleni, unatundika waya, unaita. Wakikujibu watu wanne, unawaandika kwenye daftari, na kilele kinahesabiwa chako. Hakuna anayekuja kukagua. Unaaminiwa kwa mdomo wako tu.

Mdomo huo ndio uliomponza Mrefu. Miaka miwili nyuma Fundi alipanda mlima huu peke yake, goti likamgomea, akaketi kwenye jiwe kubwa, mwendo wa saa nzima kabla ya kilele. Akaita kutoka hapo hapo. "Niko kileleni," akasema, na watu wanne wakampongeza. Baadaye Mrefu alipotaka kwenda, akamwuliza njia. Mtu mwenye akili zake angesema sijui. Fundi akaona haya, akajibu bila kupepesa macho: "Ukifika kwenye jiwe, shika kulia. Njia nyeupe kabisa."

Mrefu akashika kulia. Walimtoa korongoni siku ya tatu.

Msibani Fundi alilia kuliko wote, akashika jeneza upande wa mbele, wala hakufumbua mdomo. Mjane ndiye aliyembembeleza yeye! Tangu siku hiyo, kila dada yake alipomwandalia chakula, hakukimaliza.

Haya, saa nne hivi akafika kwenye jiwe. Alikuwa ameapa kwamba safari hii atafika juu, na kutoka huko atasema ukweli, dada yake amsikie. Ukungu ukashuka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, miguu ikakataa. Akaketi palepale pa zamani, akafunga antena.

"Hapa Fundi, niko kileleni. Kuna anayenisikia?"

Mtu huyu!

Watatu wakamjibu upesi: mwalimu mmoja, dereva wa lori, na nesi aliyekuwa mapumzikoni. Akawaandika. Akasubiri wa nne.

Redio ikakwaruza.

"Fundi."

Akaganda. Sauti ile aliijua.

"Nakusikia vizuri. Uko wapi?"

Angeweza kuzima. Lakini mdomo ulishazoea, ukajiendea wenyewe.

"Kileleni."

Upepo tu.

"Mimi niko kileleni," sauti ikanong'ona. "Sikuoni."

Jasho likamtoka kwenye baridi ile. Ukungu ulikuwa umemfunika hadi magotini.

"Shemeji, mwambie mke wangu."

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

Alijua. Akabonyeza kitufe cha kusemea. Maneno yalikuwa yamefika ulimini. Akaona haya. Hata mbele ya maiti, akaona haya. Akazima redio. Akachomoa betri, akaitia mfukoni. Akakimbia.

Alifika nyumbani saa tisa, viganja vimechubuka. Dada yake alikuwa barazani, macho mekundu, simu mkononi. Fundi akaanza kutunga la kusema, lakini dada akamwahi.

"Nimekusikia, kaka."

"Umesikia nini?"

"Yote. Goti lako. Jiwe. Jinsi ulivyomwambia ashike kulia." Akajifuta pua kwa kanga. "Sitakuficha, nimelia, nimekutukana matusi yote ninayoyajua. Lakini umesema mwenyewe, sikuambiwa na watu."

"Saa ngapi hiyo?"

"Saa sita kamili. Nimekurekodi."

Saa sita Fundi alikuwa anateremka mbiombio, redio begini, betri mfukoni.

Dada akabonyeza simu. Ikatoka sauti ya Fundi, hakuna ubishi, na nyuma yake upepo mkali wa mahali palipo wazi. Ilieleza kila kitu taratibu, bila kujitetea. Ilimtaja Mrefu kwa heshima. Ilimwomba dada msamaha, kisha ikasema: "Mimi Fundi, kutoka kileleni."

Nywele zilimsimama.

"Mwaka mzima nimekuwa nikijiuliza mume wangu alipoteaje njia," dada akasema kwa sauti ya chini. "Kama si wewe uliyekiri, nisingeweza kukutazama tena usoni. Ni wewe, sivyo?"

Fundi akatazama sakafu. Kweli ilikuwa neno moja tu: hapana.

"Ni mimi," akasema.

Dada akamkumbatia. Rekodi ile ipo hadi leo. Juzi dada huyo aliniwekea niisikilize, akijivunia ujasiri wa kaka yake, na Fundi alikuwa ameketi hapo hapo kati yetu, akitazama miguu yake.