Meno ya Marehemu Honoré

"Tai kwa Njiwa. Weka sinyatire ku cheti cha kifo, funga faili."

Sauti ya Komanda Mbonigaba ilikwaruza ndani ya Motorola. Drocella Uwamwezi aliiweka redio kando. Mbele yake, kwenye meza ya zahanati ya Nyamitaba, ulilala mwili ulioungulia ndani ya Land Cruiser kwenye njia ya Walikale. Kidoleni pete ya Honoré, mwenzake wa kazi. Mkononi saa ya Honoré.

Miaka sita walikuwa wamewawinda pamoja wauza magendo wa madini ya koltani. Alimwita kaka, na tangu asubuhi alikuwa amemlilia mpaka macho yakavimba.

Lakini kabla ya ujasusi Drocella alikuwa daktari wa meno. Hakuwa wa kufunga faili kabla ya kufungua kinywa.

Alilitoa jino moja la mbele, akaliinua kwenye tochi. Mzizi ulipitisha mwanga karibu nusu yake, kama mizizi ya wazee. Akawasha Nomad, mashine ya eksirei ndogo kama drili. Kwenye skrini, uwazi wa ndani ya jino, unaozibika kadiri mtu anavyozeeka, ulibaki uzi tu. Magego yalikuwa yamelika hadi yakawa bapa.

Huyu alishapita sitini.

Honoré alikuwa na thelathini na nne.

Drocella hakufurahi hata kidogo. Honoré mwenyewe ndiye aliyeivisha maiti pete na saa yake, na aliyejifanya amekufa alikuwa na kazi ya kumalizia: kumuua Mama Emérence, shahidi pekee aliyeziona nyuso za wakubwa wa magendo. Maficho yake ya Burungu yalijulikana na watu wawili tu, Drocella na Honoré.

Akapiga simu.

"Mama, uko na nani?"

"Niko peke yangu. Kaka Honoré njo ametoka kunipigia. Anasema anakuja kunichukua."

"Toka kwa mulango wa nyuma, Mama. Ingia mu mihogo, ulale chini. Usiitike muntu, hata akikuita na jina."

Pikipiki yake ya TVS ilikula vilima bila huruma.

Drocella alimkuta Honoré mlangoni pa Mama Emérence, mzima wa afya, bastola ya Glock mkononi.

"Mama Emérence! Ni miye, mutoto wako!"

Sauti ilikuwa ya upole. Upole ule ule aliomfariji nao Drocella alipomzika mama yake. Ulimchoma kuliko kisu.

Beretta ya Drocella ililia mara moja. Glock ikaruka, Honoré akapiga magoti, ameushika mkono wake.

"Ulijua namna gani?"

"Meno. Ule muntu alikuwa muzee."

"Haiwezekani! Nilimutoa mu shimo la koltani lenye lilianguka. Karte yake ya uchaguzi iliandika alizaliwa 1991!"

"Itakuwa ya mutoto wake. Bazee banaingia na karte ya batoto ku shimo, ili babaandike kazi kama vijana. Weye muntu wa Masisi, haukujua? Hata uso haukumuangalia?"

Honoré aliinamisha kichwa.

"Nilikulilia," Drocella alisema, akimfunga pingu kwenye nguzo ya mlango. "Sasa nasikia haya ya yale machozi."

Akabonyeza redio. "Njiwa kwa Tai. Leta gari Burungu. Honoré amefungwa."

"Honoré gani?"

"Ule ule, Chef."

Mihogo ikatikisika. Mama Emérence alitoka, kitenge chote udongo, akamtazama mfungwa.

"Huyu njo alikuja kuniua? Jana alikula kwangu."

"Hata kwangu, Mama."

Gari la Komanda lilipofika, Drocella alivaa kofia yake, akampakia Mama Emérence nyuma ya pikipiki, akashika njia ya Kitchanga kumtafutia maficho mapya, bila kugeuka.