Video Ambayo Fundi Hakuiona

Jumamosi hiyo Nabiha aliamka na kazi za watu watatu. Alikanda unga wa mahamri, akapika mbaazi za nazi, akafagia sebule. Kisha akaifagia tena, kwa sababu mama yake, Bibi Mgeni, alisema bado anaona vumbi. Bibi mwenyewe ana mtoto wa jicho kwenye jicho moja, na la pili nalo limeanza kuchoka. Lakini vumbi la nyumba ya bintiye haliwezi kumpita.

Wanaishi mtaa wa Jamhuri, Nairobi, ghorofa ya tatu. Alasiri hiyo wanawake kumi walikuwa wamealikwa kuja kutazama video ya kupamba ya Nisreen, binti wa Nabiha, aliyeolewa Mombasa wiki sita zilizopita. Sherehe ya kupamba ni ya wanawake peke yao. Bibi harusi hurembwa, akaonyeshwa kwa wanawake wenziwe. Nao huvua mabuibui, wakaimba na kucheza wapendavyo. Hata mpiga video ni mwanamke. Mwanamume haingii ukumbini, na video hiyo haitazami. Ndiyo maana Hemed, mume wa Nabiha, alikuwa amewachukua wanawe wa kiume tangu mchana, akaenda nao kwa nduguye Kileleshwa.

Ukoo mzima ulihudhuria sherehe ile, isipokuwa Bibi Mgeni. Siku tatu kabla ya harusi alianguka bafuni akavunjika nyonga. Alilala hospitalini hapa Nairobi huku mjukuu aliyemlea tangu mchanga akipambwa Mombasa. Hakulalamika hata siku moja. Alisema tu, "Nitamwona kwenye video." Alisema hivyo kila siku kwa wiki sita, na kila alipolisema neno hilo, Nabiha alihisi kuchomwa moyoni.

Alhamisi video ilifika ndani ya flashi ndogo kuliko kidole. Walijaribu kwanza kwenye simu. Bibi alikodoa macho, akauliza kama hao ni watu au ni mchwa. Basi wakachomeka flashi kwenye TV kubwa ya sebuleni. Programu ya kuchezesha video ilifunguka. Maua yakatokea. Halafu kioo kikawa cheusi, programu ikajifunga yenyewe, na TV ikarudi kwenye ukurasa wa mwanzo kana kwamba hakuna kilichotokea. Nabiha akarudia. Ikajifunga. Alirudia mpaka kidole gumba kikamuuma.

Washauri hawakukosekana. Binamu yake alipiga simu akamwambia afute kila kitu, TV irudi kama ilivyotoka dukani. Duka moja la mjini likamwambia alete flashi aiache mpaka Jumatatu, wataigeuza video iwe ya aina nyingine. Nabiha aliwawazia vijana wa duka wakimtazama Nisreen, na mashangazi wakicheza vichwa wazi. Aliifunga flashi kwenye pindo la leso, na hakuipeleka.

Saa tisa Jumamosi, Shiru, jirani wa mlango wa pili na mmoja wa walioalikwa, alikuja mapema kusaidia kupanga vikombe. Alimwangalia Nabiha usoni, akauliza kulikoni. Nabiha akamweleza yote. Shiru alisema ghorofa ya chini anakaa fundi Omollo, ambaye amekuwa akitengeneza TV katikati ya mji kwa miaka kumi na miwili. Nabiha akatikisa kichwa. Fundi huyo ni mwanamume, na wageni watatu walikuwa wameshafika wakavua mabuibui.

"Kwani lazima aingie?" akauliza Shiru.

Ndivyo Omollo alivyojikuta ameketi kwenye ngazi, juu ya kiti cha plastiki, mgongo kaupa mlango, mkononi kikombe cha kahawa. Mlango uliachwa wazi kidogo tu, sauti zipite. Omollo alimwamkia Bibi akiwa huko huko nje, na Bibi akamwitikia na kumwombea dua. Aliona kijana ana adabu.

"Mama Nisreen, mimi sitaki kuona video yenu," alisema Omollo. "Wewe bonyeza, uniambie TV imefanya nini. Na tujaribu kitu kimoja kimoja. Ukibonyeza vitano pamoja, ikipona hautajua dawa ilikuwa gani."

Kwanza alimwambia achomoe waya wa TV ukutani, angoje dakika nzima. Nabiha alisema ameshaizima mara nyingi kwa rimoti. Omollo akamweleza kwamba rimoti huilaza TV tu. Ikichomolewa ukutani ndipo inapoanza upya kabisa, na mara nyingi hilo peke yake hutosha. Wanawake wakahesabu hadi sitini kwa sauti, kama watoto wa chekechea. TV ikawaka, Nabiha akafungua leso, akachomeka flashi. Maua yakaja, programu ikajifunga.

"Sawa. Iko na video ingine ya zamani hapo?"

Ilikuwapo. Hemed alikuwa na flashi yake yenye video ya watoto wakiwa kwenye maonyesho ya kilimo, miaka mitatu nyuma. Ilicheza vizuri kabisa mpaka wakaizima wenyewe. Omollo alisema basi TV si mbovu. Akamwomba Shiru alete kompyuta yake, waijaribu video ya Nisreen humo. Nayo ikacheza bila tatizo. Bibi alisogezewa kompyuta karibu na pua, lakini kioo chake kilikuwa kidogo, na waya wa kuiunganisha na TV hawakuwa nao. Alifumba macho akasema yanamtoka machozi.

"Sasa tumejua," alisema Omollo. "TV ni mzima. Flashi ni mzima. Video ni mzima. Imebaki hiyo app ya kucheza video. Mara ya mwisho kuiwekea update ilikuwa lini?"

Nabiha aliiweka rimoti chini. Kisha, kwa sauti ya chini, akakiri kwamba TV haijaunganishwa na intaneti tangu mwaka jana. Aliizima intaneti mwenyewe walipotazama kupamba kwa mpwa wake. Alikuwa amesikia kwamba TV za siku hizi zimo mtandaoni, akaogopa video za wanawake zitapita humo zikaonwe na dunia nzima. Tangu siku ile hakuiwasha tena.

Shiru alicheka mpaka akashika mlango. Omollo hakucheka.

"Kuogopa sio ujinga, mama," alisema. "Ni vile umefunga mlango, na dawa ikabaki nje. Hiyo app ni ya zamani, na video imepigwa na kamera mpya. App inajaribu kuisoma, inashindwa, inajifunga. Update ndiyo inaifundisha kusoma vitu vipya. Toa flashi kwanza, uishike mkononi. TV haiwezi peleka kitu haina. Tukimaliza, zima intaneti, ndio urudishe flashi."

Nabiha alichomoa flashi, akaifunga tena kwenye pindo la leso, akakaza fundo. Moyo wake ulitulia. Kumbe alikuwa amekuwa mlinzi mzuri wa mlango, ila hakujua wakati wa kuufungua.

Aliwasha intaneti, akaenda kwenye duka la programu ndani ya TV, akaitafuta programu ile. Palikuwa na kitufe cha kuisasisha, yaani kuiwekea toleo jipya. Akabonyeza. TV ikajibu kwamba hakuna nafasi.

Wageni wote kumi walikuwa wamefika. Chai ilikuwa inapoa. Bibi Mgeni alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbele kabisa, mkongojo wake wa miguu minne pembeni, amejitia hina na kuvaa gauni jipya.

"Nabiha, acha mwanangu," alisema Bibi taratibu. "Mie nishazoea kuikosa harusi hii."

Maneno hayo yalimkata Nabiha maini. Alikwenda mlangoni, akamweleza Omollo kilichoandikwa, neno kwa neno. Omollo alimwambia afungue mipangilio, aingie panapoorodheshwa programu zote. Humo Nabiha alikuta michezo kumi na mmoja ambayo wanawe waliiweka zamani, karibu yote wakaisahau. Mingi ilikuwa ya magari. Bibi alitoa hukumu hapo hapo kwamba yote iondolewe. Omollo alishauri waondoe ile isiyochezwa, basi wakaacha miwili.

Kisha akamwongoza aguse programu ya video yenyewe, atafute panapoandikwa "Clear cache".

"Kuna 'Clear data' hapo karibu, hiyo wachana nayo," alionya. "Cache ni takataka za muda tu, unafagia. Data ni vile mmepanga vitu vyenu. Na ile ya kurudisha TV kama mpya, usiiguse kabisa. Hiyo ni dawa ya mwisho, inafuta kila kitu, na leo haihitajiki."

Nabiha alifagia. Akarudi kwenye lile duka la programu, akabonyeza kusasisha. Mstari wa kijani ulianza kutambaa. Wanawake kumi na wawili waliukodolea macho. Ulipofika mwisho, Nabiha alizima intaneti, akafungua fundo la leso, akachomeka flashi.

Maua yakaja. Kioo kikawa cheusi. 

Kisha Nisreen akaingia ukumbini, amevaa dhahabu na asumini, akitembea polepole, na sura yake ikajaa kioo kizima.

Bibi Mgeni alishika mkongojo wake akasimama bila kusaidiwa. Alisogea mpaka pua yake ikabaki dhiraa moja kutoka kwenye TV. "Ndiye," alisema. "Namwona uso. Namwona mpaka kipini." Akapiga kigelegele, na sebule nzima ikamwitikia. Huko kwenye ngazi Omollo hakuuliza kama TV imekubali. Alichukua sahani ya mahamri aliyopewa, akateremka.

Siku hizi Nabiha ana desturi yake. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi huchomoa flashi zote, huwasha intaneti, husasisha programu, huondoa zisizotumika, kisha huzima. Amemfundisha Shiru, na wageni wawili wa siku ile humpigia simu TV zao zinapogoma. Huwaambia wasimpelekee mtu yeyote flashi yao kabla ya kujaribu kitu kimoja kimoja.

Na Bibi Mgeni ameshaitazama video ya kupamba ya mjukuu wake mara nne. Mwenyewe anasema ni mara tatu. Ile ya kwanza, anasema, haihesabiwi, maana alikuwa akilia na hakuona vizuri.