Uji wa Lusungu

Basi lilikuwa limeshapita Chalinze mama alipopiga simu. Sekela alikuwa uani kwao Goba anasuuza vyombo, akajifuta mikono kwenye sketi ndipo akapokea. Mama alikuwa safarini kwenda Tukuyu kumzika baba yake. Baba yao Sekela alikuwa kazini migodini Geita. Walibaki watoto wawili na shangazi Bernadeta, aliyekuja asubuhi ile kutoka Ukonga kuwaangalia.

"Unga wa Lusungu umeuona?"

"Nimeuona mama. Kopo liko kabatini."

"Unaukoroga kwa maji ya baridi. Mbichi. Akienda kulala, na usiku umwamshe anywe tena. Usiupike, Sekela. Umenisikia?"

"Nimesikia mama."

Lusungu alikuwa na miaka minne, tumbo limetangulia mbele kama la mtu aliyeshiba siku zote. Alizaliwa na ugonjwa wa kurithi: ini lake linaweka akiba ya sukari lakini haliwezi kuitoa. Kabla yake alikuwepo kaka yake Benjamin, tumbo lile lile. Benjamin alilala mzima, alfajiri akakutwa amekufa. Wengine wakasema degedege, wengine wakasema maneno yasiyofaa kurudiwa. Ugonjwa ulikuja kupata jina hospitali, alipopimwa Lusungu.

Jioni Sekela alichukua kikombe, akachota ule unga laini wa wanga wa mahindi, akaukoroga. Rogers, jirani anayesoma naye darasa la sita, alikuwa ameegemea ukuta akichungulia.

"Chokaa tena? Mpelekeni shule huyo, mwalimu awe anamtumia kuandikia ubaoni."

"Nenda kwenu, Rogers."

Shangazi alitoka jikoni, akakitazama kikombe. "Nini hiki?"

"Dawa ya Lusungu, shangazi. Hospitali walisema apewe mbichi."

"Unga mbichi? Sie hata mbwa tunampikia ugali. Na huyo mwenzio kashaona. Kesho mtaa mzima utasema nimekuja kumtesa mtoto wa kaka yangu. Lete sufuria."

Sekela alitaka kusema kwamba mama alikataza usipikwe. Mkubwa akishasema mtoto habishi, ndivyo alivyolelewa. Na ile chokaa ya Rogers ilikuwa bado inamchoma. Akaleta sufuria. Uji ukapikwa laini, ukatiwa iliki, uliobaki ukawekwa kwenye chupa ya chai kwa ajili ya usiku. Lusungu, ambaye siku zote hukunja uso akinywa, alilamba kikombe.

"Unaona?" shangazi alisema.

Mama alipopiga tena, Sekela alijibu, "Nimempa mama, kama ulivyosema."

Kulipokucha Lusungu hakuamka. Shuka lilikuwa limelowa jasho, mwili wa baridi, mkono mmoja ukirukaruka wenyewe. Shangazi alimbeba hata kanga hakuifunga vizuri. Mama Rogers akaita bajaji, wakateremka mlima hadi hospitali.

Daktari Genoveva, aliyekuwa akimtibu Lusungu tangu mwanzo, alimpima, akamtundikia dripu ya sukari. Walikaa pale wakimtazama mtoto kifua. Macho yalipofunguka, Lusungu alimtafuta dada yake, akamnyooshea mkono wa kushoto. Wa kulia ulibaki kitandani.

"Unga alipewa?" daktari aliuliza.

"Alipewa, daktari," shangazi akasema. "Kama mama yake alivyoagiza."

Daktari alitikisa kichwa. "Basi haumtoshi tena. Itabidi nibadilishe kipimo chake."

Sekela aliutazama ule mkono. Kipimo kipya, uji ule ule, alfajiri nyingine. Akamwona Benjamin.

"Haukuwa mbichi, daktari," alisema. "Tuliupika. Na mama nilimdanganya."

Shangazi aligeuka kumtazama. Daktari akaweka kalamu chini, akavuta kiti.

"Sikilizeni. Kila mtu ana saa mwilini, imeandikwa kwenye vinasaba vyake. Hata chembe za ini zinaifuata. Usiku saa hiyo inaliambia ini: mtu amelala, hali chakula, fungua ghala utoe sukari. Ini la Lusungu linaambiwa vile vile, na ghala limejaa, ila ufunguo hana. Nusu ya hitilafu ilitoka kwa baba, nusu kwa mama, wenyewe wazima na hawakujua. Watafiti bado wanachunguza kama ghala likijaa hivyo na saa yenyewe huvurugika. Hilo sijui. Ninachojua, unga mbichi unasagika tumboni polepole, unamvusha usiku. Ukiupika unaisha upesi, na yeye hana pa kuchukua pengine."

Shangazi aliinama, akauweka vizuri ule mkono wa kulia. Kisha akauliza taratibu, "Na Benjamin? Yule nilikuwaga nampikia uji kila jioni."

"Wakati ule hakuna aliyejua, mama. Hata sisi."

Shangazi akajifunika uso kwa kanga. Alipoufunua, alimshika Sekela bega. "Mie nilikosea, na wewe ulijua. Siku nyingine mkubwa akikosea, mwambie. Mwambie kwa adabu, ila mwambie. Heshima si kuninyamazia mpaka mtoto afe."

"Na daktari hutibu kile alichoambiwa," Daktari Genoveva aliongeza. "Ukimdanganya, anatibu uongo."

Mama alipata habari akiwa Uyole, imebaki safari fupi tu afike Tukuyu. Alishuka, akapanda basi la kurudi. Babu alizikwa bila yeye.

Lusungu yuko hai. Mkono wa kulia haukupona sawasawa, kikombe anakishika kwa kushoto. Baba alirudi kutoka Geita, akakaa wiki, akaenda tena kazini. Rogers na wazazi wake walihamia Mbagala. Shangazi Bernadeta yuko Ukonga, na uji hapiki tena. Sekela sasa yuko darasa la saba. Unga wa mdogo wake anaukoroga yeye, kwa maji ya baridi.