Kibali cha Kumfuata Nassoro

Shahidi haikuwa na uso wala mikono. Ilikuwa sauti tu, yenye adabu kama ya karani wa benki, pamoja na viti viwili vilivyowekwa kila kimoja katika chumba chake. Ndani ya viti hivyo mlikuwa na vipimahisia, nyuzi nyembamba zilizosoma mapigo ya moyo, joto la viganja na jasho ambalo mwenyewe hajalihisi bado. Mtu alikaa, akaulizwa, akajibu, na kabla hajafunga mdomo mashine ilishajua kama amesema kweli, amesema uongo, au amekariri. Hili la tatu ndilo lililowaponza wengi.

Mashine hiyo ilifungwa katika Ofisi ya Vibali vya Makazi mjini Voi, chini ya lifti ya anga, ile kamba nene inayopanda mpaka Kilele, mji wa watu laki mbili unaoning'inia juu ya dunia. Wafanyakazi wa Kilele waliruhusiwa kwenda na wenzi wao. Waliooana walipita mlango wa kushoto na vyeti vyao, wakatoka chai yao ikiwa bado ya moto. Wasiooana walipita mlango wa kulia, kwa Shahidi, wakathibitishe kwamba wanaishi pamoja kweli, si watu wawili waliokutana juzi wakapatana bei.

Wakesho na Nassoro walikuwa wa mlango wa kulia. Walikuwa wameishi nyumba moja miaka sita, ila ndoa iliwashinda. Baba yake Wakesho, mzee wa kanisa kule Wundanyi, alisema bintiye hataolewa kwa sheikh yeye akiwa hai. Mama yake Nassoro, kule Msambweni, alisema mwanawe hataingia kanisani labda aingizwe amebebwa. Ndoa ya serikali ingewaudhi wote wawili kwa mpigo. Wazee hao walikuwa na afya njema, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kulegea. Basi vijana wakakaa hivyo hivyo, majirani wakawazoea.

Kisha Nassoro akapata kazi ya ufundi wa kuta za nje za Kilele. Mkataba ulikuwa wa miaka minane, na katikati yake hakuna kushuka, kwa sababu mwili uliokwisha kuzoea wepesi wa huko juu hauwezi kupandishwa na kushushwa kama ndoo ya kisima. Wakesho akinyimwa kibali, wangeonana tena akiwa na miaka arobaini na mbili. Alikuwa amelipigia hesabu jambo hilo mara nyingi.

Palikuwa na jambo moja zaidi, nalo lilijulikana na watu wawili tu. Baada ya kupimwa afya na kupita, Nassoro aliumia katika chumba cha mazoezi ya shinikizo la hewa. Sikio la kushoto likafa. Masikio ya kupandikiza yalikuwepo, hata madukani, lakini kanuni za Kilele hazikumruhusu fundi wa nje kubeba chombo chochote kichwani, kwa kuwa miale ya huko hukiharibu, na king'ora cha hewa kuvuja husikika kwa masikio yote mawili au hakisikiki vizuri. Kanuni ilikuwa na maana, Wakesho alilijua hilo. Alijua pia kwamba Nassoro alikuwa ameisubiri kazi hiyo tangu akiwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi. Wakakubaliana sikio lisitajwe.

Kwa mtihani wenyewe walimwendea Bi Mwanapili. Huyu alikuwa kungwi, kama mama yake na bibi yake, na kazi ya kuwafunda maharusi ilipopungua aligeukia wapenzi wanaokwenda kwa Shahidi. Alikuwa hodari, na hakuna aliyelala darasani kwake. Aliwafundisha nani analala upande gani, nani hupika, ugomvi wa mwisho ulikuwa wa nini na ulikwishaje.

"Na aibu ya mwenzio, mwanangu," alimwambia Wakesho, "hiyo hata ukichunwa ngozi huitoi. Mke haanui siri ya ndani akaitandaza barazani."

"Hata kwa mashine, Bi Mwanapili?"

"Mashine ina nini? Si imetengenezwa na mtoto wa mtu?"

Siku ya mtihani Wakesho alikaa, akaweka viganja mahali pake. Nassoro alikuwa chumba cha pili, ukuta mmoja tu ukiwatenga. Maswali yakaja kama walivyotarajia, na majibu yakatoka kama maji. Alianza hata kuona raha.

"Bi Wakesho," sauti ikasema, "majibu yako na ya mwenzako yanafanana."

"Alhamdu... ashukuriwe Mungu." Miaka sita na Nassoro ilikuwa imemwachia maneno ya huko.

"Yanafanana kupita kiasi. Ninyi nyote wawili mmesema ugomvi wenu wa mwisho ulihusu chumvi, na kwamba uliisha kwa kucheka. Wapenzi kumi na wanne kabla yenu wameniambia hivyo hivyo. Kwa sasa alama hazitoshi."

Ndipo Wakesho alipotambua kuwa Bi Mwanapili hakuwa na masomo mengi. Alikuwa na somo moja, zuri, na alilitoa kwa kila mtu.

"Limebaki swali moja, na mwenzako namuuliza wewe utalijibuje," Shahidi ikaendelea bila haraka. "Niambie kasoro ya mwenzako ambayo hakuna mwingine anayeijua. Nikiipata, alama zitatosha."

Alijua jibu. Lilikuwa tayari mdomoni. Neno moja, naye angepanda lifti. Neno hilo hilo, na Nassoro asingepanda. Alifikiria kusema anakoroma, lakini kukoroma kwa Nassoro kulijulikana mtaa mzima. Alifikiria miaka minane ya kula peke yake. Machozi yakamjia, akayazuia.

"Hana kasoro," akasema.

"Una hakika?"

"Mwanamume yule hana kasoro hata moja. Andika."

Shahidi ikamshukuru kwa muda wake.

Ukumbini Nassoro alikuwa ameshatoka, amekaa na mikono katikati ya magoti. Wakesho akataka kumwambia ameanguka mtihani, aende tu, atamngoja. Kabla hajaanza, afisa wa zamu, mtu mzima mwenye sauti ya chini aitwaye Mghalu, akawaita mezani.

"Bi Wakesho, hongera. Umepata kibali."

"Mimi? Lakini nilisema..."

"Ulisema uongo, na mashine imeuandika kuwa ni uongo. Ila anayedanganya kwa kujiokoa, viganja vyake hupoa. Vyako vilipata joto, kama vya anayemlinda mwenzake. Kwa Shahidi, hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo." Afisa akashusha pumzi, akamgeukia Nassoro. "Wewe, ndugu yangu, pole. Ulilolisema lilikwenda moja kwa moja idara ya afya. Ajira yako imefutwa."

Wakesho akamtazama Nassoro. "Ulisema nini?"

"Iliniuliza wewe unajua nini juu yangu wasichokijua wengine," Nassoro akajibu. "Nikasema sikio. Nilidhani utalisema na wewe, tufanane."

"Tulikubaliana!"

"Ningekuacha hapa miaka minane, Wakesho? Kwa ajili ya ukuta?"

Wakesho alimkasirikia kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu, na alimpenda hivyo hivyo, papo hapo, mpaka hakujua aanze na lipi. Nassoro akainuka, akasema anahitaji hewa, akatoka nje. Afisa Mghalu akaeleza, kwa aibu kidogo, kwamba kibali kikishatolewa hakifungamani na mdhamini, yaani mwenzi mwenye ajira. Mtu wake haendi, lakini yeye anaweza kupanda hata kesho.

"Kifute," akasema Wakesho.

"Mwenye kufuta ni Shahidi."

Akarudi chumbani, akakaa.

"Nataka kukirudisha kibali."

"Tafadhali taja sababu," ikasema sauti ile yenye adabu. "Zinazokubalika ni tatu: mwenzako amefariki, mwenzako ni mahututi, au mmeachana."

"Yuko hai, na mzima. Haendi tu."

"Sababu hiyo haipo."

Wakesho akavuta pumzi. "Basi tumeachana."

Kiti kikasoma mapigo yake, joto lake, jasho lake.

"Samahani, Bi Wakesho. Si kweli. Kibali chako kitabaki wazi."

Akaviinua viganja vyake pale kitini, akavifuta kwenye sketi, akatoka kwenda kumtafuta Nassoro.