Zamu ya Kukesha

Kila usiku Sabina aliifunika televisheni kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na kila alfajiri alikikuta sakafuni, kimekunjwa mara nne.

"Modesta, ni wewe?"

"Si mimi, mama."

Binti alikuwa na miaka kumi, macho mekundu. Darasani alisinzia, kitandani hakupata hata lepe la usingizi.

"Siku hizi hata usingizi umebinafsishwa," Pius, mumewe Sabina, alitania. Ndio kwanza televisheni zilikuwa zinaingia Mwanza. Yao aliipata Sengerema kwa bei ya kutupa, akavuka nayo kwenye feri ameipakata kama mtoto.

Usiku wa tisa tangu iletwe, Sabina alishtuka. Harufu ya vumbi lililoungua. Sauti ya chenga, shaaa, shaaa, kama mvua inayokuja kutoka ziwani. Umeme ulikuwa umekatika Buzuruga nzima tangu jioni, lakini mwanga wa buluu ulicheza ukutani sebuleni, na mbele yake Modesta alikuwa ameketi amekumbatia magoti, na ndani ya kioo, katikati ya zile chenga, msichana asiyemjua, nywele timutimu, alikuwa ameketi vilevile, amekumbatia magoti vilevile, akimtazama Modesta bila kupepesa.

"Anaomba nikeshe naye," Modesta alinong'ona. "Wenzake waliondoka mapema."

Asubuhi, aliposimuliwa, Pius hakutania. "Walioniuzia niliwakuta msibani," alikiri. "Binti yao. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa."

"Ukachukua kitu cha marehemu watu hawajanyoa nywele? Baba Modesta!"

Mganga, Mzee Ndalahwa kutoka Magu, alivuka nao kuirudisha televisheni. Wafiwa wakanyolewa, Modesta akanyolewa pamoja nao.

"Marehemu amemwachilia mtoto," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Ila usiku wa leo, akiita yeyote, msiitikie. Atakayeitikia ndiye atakayepokea zamu."

Usiku huo Modesta alilala. Alikoroma, na Sabina, ameketi kando yake, alilia kwa furaha, akausikiliza mkoromo ule kama wimbo, hadi kope zake mwenyewe zikawa nzito, hadi harufu ya vumbi lililoungua ikapita kama ndoto, hadi pale kwenye meza tupu iliyokuwa ya televisheni ikaanza, polepole, shaaa, shaaa, na sauti ya msichana mwenye adabu ikasema, "Shikamoo, mama," na Sabina, ambaye tangu aitwe mama hakuwahi kuiacha salamu ya mtoto ianguke chini, akajibu usingizini:

"Marahaba, mwanangu."